Katibu wa Zama Hizi na Deni la Mkulima wa Chiola



Ndugu msomaji, yako mabishano yanayoendelea kwa miaka mingi baina ya watu wanaoandika programu za kompyuta na wale wanaoanzisha makampuni machanga ya ufundi huo. Wanabishana hivi: je, mwenye kuandika programu ana dhima yoyote juu ya lile litendwalo na programu yake, au dhima yote ni ya tajiri aliyemwajiri na ya mtu aliyeitumia kwa hiari yake? Wengi wetu hudhani kwamba hayo ni maneno ya watu wa San Francisco na Bangalore, au kwa karibu kabisa watu wa Nairobi, na kwamba sisi wa pwani na wa bara ya Lindi hayatuhusu ndewe wala sikio. Kumbe yamekwisha kufika Chiola, huko Nachingwea na Ruangwa, tena hayakupiga hodi. Yamefika ndani ya simu ya mama aliyekaa mkekani akipepeta ufuta wake.

Leo twataka kuyatia mabishano hayo katika mizani. Hatuna nia ya kuwatukana mafundi wala kuwakataza vijana wetu wasijifunze kazi hiyo. Twataka kutazama hoja zao, tuone ipi inasimama na ipi inaanguka.

SIFA KWA ANAYESTAHIKI

Uadilifu unataka tuanze na mema. Mwaka 2005 watu wa Vodafone na Safaricom walianza kujaribu nchini Kenya njia ya kumwezesha mtu kulipa mkopo mdogo kwa simu. Katika majaribio hayo waliona watu wanaitumia njia hiyo kwa jambo jingine kabisa, nalo ni kupelekeana fedha wao kwa wao. Badala ya kushikilia mpango wao wa awali, waliwafuata watu, na mwezi Machi 2007 ikatoka M-Pesa, ambayo mwaka uliofuata ilifika Tanzania. Hapana haja ya kueleza manufaa yake. Kijana aliyeko Dar es Salaam humpelekea mama yake fedha ya dawa kabla jua halijachwa, na zamani fedha hiyo ilikuwa imefungwa katika bahasha, imekabidhiwa utingo wa basi, na ikifika, hufika nusu.

Tena tazama mnada wa mazao. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho za kusini zimekuwa zikiuzwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, na mkulima aliye chini ya chama kikuu cha RUNALI, kinachokusanya wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, aweza kujua bei zilizotajwa na wanunuzi. Kosa halikosekani katika kazi ya mwanadamu, lakini asili ya jambo hili ni njema, kwani bei inayotajwa mbele ya watu ni bora kuliko bei inayonong'onwa nyuma ya ghala.

Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia kwamba twaipinga kompyuta. Tunalolihoji ni namna inavyoandikwa, na nani aliyeiamuru iandikwe hivyo.

HOJA YA KWANZA: KUA KWANZA, MENGINE BAADAYE

Kwa muda mrefu kampuni ya Facebook ilikuwa na wito kwa mafundi wake kwamba waende mbio hata kama vitu vitavunjika. Mwaka 2014 mkuu wake, Mark Zuckerberg, aliubadili wito huo, lakini mafunzo yake yalikuwa yamekwisha kuenea. Mwaka 2018 Reid Hoffman na Chris Yeh walitoa kitabu kiitwacho Blitzscaling, ambacho hoja yake kuu ni kwamba kampuni changa, inapogombea soko jipya, itangulize mbio za kukua kabla ya kujali ubora wa utendaji, na ikubali hasara njiani.

Mtu wa Nachingwea hahitaji kununua kitabu hicho. Habari yake ameisikia kwa babu yake. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Shabaha ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika miaka michache. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, reli ikajengwa kutoka upande wa Mtwara mpaka Nachingwea, na mbio zikawa mbio. Udongo haukuulizwa, mvua haikuulizwa, wala wenyeji walioijua ardhi hiyo hawakuulizwa. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa baada ya kuteketeza makumi ya mamilioni ya pauni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata ile reli iling'olewa.

Basi hoja ya kwanza inaanguka kwa swali moja: kinachovunjika katika mbio hizo ni cha nani? Tajiri akivunja chake, ni shauri lake. Lakini aghalabu anayekwenda mbio ni mmoja na anayevunjikiwa ni mwingine.

HOJA YA PILI: MTUMIAJI AMERIDHIA MWENYEWE

Hii ndiyo hoja wanayoipenda zaidi. Husema: hatukumlazimisha mtu, programu iliuliza, naye akabonyeza kwamba amekubali.

Ili kuipima hoja hii, tufungue kitabu kingine kinachosomwa sana na waanzilishi wa makampuni, yaani Hooked, cha Nir Eyal, kilichotolewa 2014. Kitabu hiki kinaeleza hatua nne za kumjengea mtu mazoea ya kukitumia chombo. Kwanza apate kichocheo, kama mlio wa simu. Pili afanye tendo jepesi. Tatu apewe zawadi isiyotabirika, leo kubwa, kesho ndogo. Nne atie kitu chake mwenyewe humo, kama majina ya rafiki zake au kumbukumbu zake, ili iwe vigumu kutoka. Kimeandikwa kwa lugha nyepesi na kina maarifa ya kweli juu ya tabia ya mwanadamu. Wala hatutamdhulumu mwandishi: humo humo amempa msomaji wake mtihani wa maadili, kwamba ajiulize kama kitu anachokitengeneza kitamnufaisha mtumiaji, na kama yeye mwenyewe angekitumia.

Mtihani huo ni mzuri, na karibu yake ni mafunzo tuliyolelewa nayo tangu chuoni, kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendee nduguye anachojipendea nafsi yake. Ila ubovu wa kitabu uko hapa: hatua nne zimefundishwa kwa mapana na marefu, na mtihani umewekwa karibu na mwisho wa safari. Ni kama fundi anayemfundisha mwanafunzi wake kufungua kufuli za kila namna, kisha mlangoni, wakati wa kuagana, akamnong'oneza kwamba si vizuri kuiba. Haishangazi kwamba wengi walizichukua hatua nne na wakausahau mtihani.

Sasa irudie hoja ya ridhaa. Ikiwa fundi amesomea namna ya kumfanya mtu abonyeze kabla ya kufikiri, atasemaje kwamba kule kubonyeza ndiko kuridhia? Ridhaa hutoka katika akili iliyopewa nafasi. Kama masharti ni kurasa nyingi za Kiingereza cha wanasheria, na kibonyezo cha kukubali kimepakwa rangi ya kijani na kuwekwa pale kidole kinapopumzika, hapo hapana ridhaa, pana mtego.

TUYAPIME HAYA CHIOLA

Mwezi Novemba 2012 nchini Kenya ilitoka huduma ya M-Shwari, mkopo unaotolewa na simu kwa dakika chache, bila ya mtu kukutana na mtu. Malipo yake yalikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, nayo hayakuitwa riba, yaliitwa ada. Mwaka 2014 ikaja Tanzania M-Pawa, na baadaye zikafuata programu za kila rangi, zenye leseni na zisizo na leseni.

Tumchukue, kwa mfano tu, mama wa Chiola anayelima ufuta. Mwezi wa pili ghala ni tupu na magugu yamesimama shambani. Anakopa shilingi 100,000 awalipe wapaliliaji, kwa malipo yale yale ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ufuta hauuzwi kabla ya mwezi wa sita. Siku 30 zikiisha, programu inadai. Yeye hana, basi anatafuta 7,500 ya ada, anakopa upya ili alipe la zamani, na hivyo mara nne. Ukifika mnada amekwisha kutoa 30,000 na deni la 100,000 bado limesimama vile vile.

Dhambi ya programu hii haikujificha mbali. Iko katika ile tarakimu ya siku 30. Aliyeiandika alimfikiria mtu wa mshahara, anayepokea kila mwisho wa mwezi, kisha akaupeleka mkopo huo huo kwa mtu ambaye mshahara wake unaletwa na mvua. Mpango wa karanga haukuuliza udongo, na programu hii haikuuliza msimu.

Na madhara yake yamepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa CGAP, kituo kilichomo ndani ya Benki ya Dunia, walichunguza mikopo zaidi ya milioni 20 iliyotolewa kwa simu nchini Tanzania, ambayo wastani wake ulikuwa chini ya dola 15. Asilimia 17 ya mikopo hiyo haikulipwa kama ilivyoahidiwa, na mwishoni mwa muda wa uchunguzi, katika mikopo iliyokuwa bado iko wazi, asilimia 85 ilikuwa imepita siku 90 bila ya kulipwa. Hao si matapeli wote. Ni watu waliopewa kamba fupi wateke maji katika kisima kirefu.

Wala tusijidanganye kwamba udhalimu huu uliletwa na simu. Kusini kote watu wanaijua kangomba, yaani kumpa mkulima fedha kidogo wakati wa dhiki na kuichukua korosho yake kwa bei ya kutupa ingali juu ya mti. Mwenye kangomba alikuwa na bakuli la kupimia na jirani aliyemwonea haya. Programu haina haya. Kuna programu zilizochukua majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji, na siku ya kuchelewa zikawapelekea mkwe wake, imamu wake na mwalimu wa watoto wake habari za deni lake. Mwenyezi Mungu, katika Suratul-Hujurat aya ya 12, amekataza kupeleleza na kusengenya. Na hapa upelelezi umefanywa mashine na kusengenya kumefanywa biashara.

Serikali hazikunyamaza. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, kwa mambo ya namna hii. Mwaka huo huo, tangu tarehe 31 Mei, Google ilizizuia programu za mikopo kugusa orodha ya majina na picha zilizomo katika simu ya mtu. Na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila ya idhini. Watu wetu walikuwa wamekwisha kuipa jina mikopo ya namna hii: kausha damu.

HOJA YA TATU: MIMI NI MWANDISHI TU

Yabaki hoja ya tatu, nayo ndiyo kiini cha mabishano. Fundi husema: mimi nimeajiriwa, niliambiwa niandike siku 30 nikaandika, niliambiwa nichukue majina nikachukua, uamuzi si wangu.

Hapa, ndugu msomaji, Uislamu una neno la tangu zamani. Katika hadithi aliyoipokea Jabir (r.a.) na kuitia Imamu Muslim katika Sahihi yake, laana ya riba haikumwangukia mlaji peke yake. Imemtaja anayeila, anayeilisha, mwenye kuiandika, na mashahidi wake wawili, na wote wamehesabiwa kuwa sawa. Katibu ametajwa! Yeye hakutoa fedha wala hakupokea ziada. Kazi yake ilikuwa kalamu tu. Na leo kalamu hiyo ni programu, kwani hata katika lugha yetu twasema fundi huyo anaandika.

Na shahidi je? Shahidi wa siku hizi ni kumbukumbu ya kompyuta, inayosadikiwa kuliko kinywa cha mtu. Huko Uingereza, kati ya 1999 na 2015, mamia ya watunza vituo vya posta walishitakiwa kwa wizi kwa sababu mfumo wa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Waliohukumiwa walizidi 900. Mwaka 2019 mahakama iliona kwamba mfumo ule haukuwa wa kutegemewa, na mwaka 2024 ikapitishwa sheria ya kuzifuta hukumu zao. Kuna waliofungwa, na kuna waliokufa kabla ya kusafishwa majina. Mafundi waliojua kasoro walikuwapo. Basi na anyanyuke tena wa kusema kwamba mwandishi hana dhima.

Watu wengine miongoni mwao wameliona hilo. Mwaka 2018 wafanyakazi kwa maelfu wa Google walitia saini zao kuupinga mkataba wa kampuni yao na jeshi la Marekani uitwao Maven, na kampuni ikasema haitauongeza muda. Hawakungoja tajiri awaruhusu kuwa na dhamiri.

KATIBU MWADILIFU

Asiwepo wa kufahamu kwamba twataka vijana waikimbie kalamu. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ambayo ni ndefu kupita aya zote za Qurani, imeshuka juu ya kuandika madeni. Imeamrisha deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, na muda wake utajwe. Imetaka katibu awe mwadilifu, na imemkataza asikatae kuandika. Kisha imesema jambo ambalo hatujaliona katika vitabu vyote vya waanzilishi wa makampuni: anayetaja maneno ya mkataba ili yaandikwe ni yule mwenye kudaiwa. Na akiwa ni dhaifu asiyeweza kueleza, basi msimamizi wake ataje kwa uadilifu.

Litafakari hilo. Mikataba ya simu imeandikwa yote kwa ulimi wa mwenye fedha, na mdaiwa amebakishiwa kidole. Katibu mwadilifu angemwuliza mama wa Chiola: utapata lini? utalipa vipi? Naye angejibu: mwezi wa sita, ufuta ukiuzwa. Na deni lingeandikwa hivyo. Kompyuta haishindwi kuandika mwezi wa sita kama isivyoshindwa kuandika siku 30. Na aya ya 280 ya sura hiyo hiyo imeamrisha mdaiwa aliye katika dhiki angojewe mpaka apate wasaa. Nayo hiyo yaweza kuandikwa ndani ya programu, akitaka mwandishi.

Ama ile ada, maulamaa hawakuacha jambo bila ya mpaka. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu mkopeshaji kutoza gharama ya huduma, kwa sharti isizidi gharama ya kweli. Sasa pima: kompyuta hufanya kazi ile ile kupeleka 5,000 na kupeleka 500,000. Ada inayokua kila fedha inapozidi, na inayorudi kila mwezi unapopita, hiyo si gharama ya kazi, ni bei ya fedha. Jina limebadilika, na mnyama ni yule yule.

Tuliseme na letu wenyewe, ili tusiwe wa kuwaona wenzetu peke yao. Akija kesho kijana wa Kiislamu na programu yenye picha ya msikiti na neno halali, na ndani yake siku ni zile zile, masharti hayasomeki, na majina ya jamaa yanachukuliwa, hukumu yake ni moja na wale. Na tajiri wetu mwenye fedha asiyetaka kumkopesha jirani kwa wema, kisha akasimama kuilaumu simu, amemwacha mama huyo aende kwingine ampeleke nani? Mlango wa karadha njema tukiufunga sisi, tusishangae watu wakiingia dirishani.

Basi, enyi wazazi wenye vijana katika vyuo vya kompyuta, waulizeni watakaporudi likizo: unaandika nini, na nani anakutajia maneno? Nanyi mama zetu, kabla ya kubonyeza, jueni mambo matatu: mkopeshaji ana idhini ya Benki Kuu au hana, siku ya kulipa iko kabla ya mavuno au baada yake, na simu inaomba kufunguliwa nini ambacho hakihusiani na deni. Likikosekana jibu katika moja, uacheni mkopo huo, mkaitazame kwanza jamaa na jirani.

Na wewe kijana fundi, ujue kwamba kalamu yako inaandika mara mbili: mara katika mashine ya tajiri wako, na mara katika daftari ambalo halifutiki wala halihitaji umeme. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa makatibu waadilifu, na awafungulie wenye madeni. Amin.